"Kufuli la Muda": Uhakiki wa Istilahi Moja na Jamaa Zake

Kazi ya kuunda istilahi haimaliziki siku orodha inapochapwa. Siku hiyo ndiyo kwanza huanza, kwa maana neno hutoka mikononi mwa wanakamati likaenda kwa mfasiri anayekimbizana na tarehe, kwa mwalimu aliye mbele ya ubao, na kwa mtumishi wa serikali anayetakiwa kuusoma mkataba wa ununuzi wa mitambo kabla ya kutia sahihi. Huko ndiko linakopimwa. Makala haya yametokana na kipimo cha namna hiyo, na matokeo yake hayakuwa mazuri kwetu.

Mwalimu mmoja afundishaye utungaji wa programu katika chuo cha ufundi alituandikia barua kutueleza yaliyompata darasani. Alikuwa akisomesha mifumo ya uendeshaji ya wakati halisi, yaani ile itumikayo ndani ya breki za magari, pampu za dawa za hospitali na mitambo ya viwandani. Alitumia istilahi "kufuli la muda", ambayo aliipata katika orodha iliyopita mezani petu, nasi tukaiafiki. Mwanafunzi wake mmoja, kijana hodari, akaandika programu iliyongoja kufuli kwa milisekunde 50, kisha ikaendelea moja kwa moja kuandika katika kumbukumbu iliyolindwa na kufuli hilo, bila ya kuuliza kama kufuli lilipatikana au halikupatikana. Alipotakiwa kueleza sababu alijibu kwa utulivu: "Kufuli ni la muda, mwalimu. Muda ukiisha linafunguka."

Mwanafunzi huyo hakukosea. Kwa Kiswahili alichopewa, hilo ndilo jibu lililo sahihi. Waliokosea ni sisi. Kwa hiyo tumeona yafaa kuihakiki istilahi hiyo hadharani, pamoja na jamaa zake katika orodha ile ile, ili wafasiri na walimu wanaoitumia wajue kwa nini tunaomba iachwe.

1. Jambo lenyewe

Kabla ya kulihukumu neno hatuna budi kulifahamu jambo. Programu moja yaweza kuwa na njia kadhaa za utekelezaji ziendazo sambamba. Katika kiwango cha POSIX kila njia ya namna hiyo huitwa uzi. Katika mifumo kama FreeRTOS na VxWorks huitwa kazi. Nyuzi hizi hutumia kumbukumbu moja. Zikigusa mahali pamoja kwa wakati mmoja, data huharibika. Tuchukue mfano wa pampu ya dawa: uzi mmoja unaandika kiwango kipya cha dawa na kasi yake, na kabla haujamaliza, uzi wa pili unasoma. Uzi wa pili utapata kiwango kipya pamoja na kasi ya zamani, na injini ya pampu itafuata hesabu ambayo hakuna daktari aliyeiagiza.

Ili kuzuia jambo hilo, mahali pale huwekewa kizuizi. Uzi utakao kuingia huomba kizuizi hicho, hukishika, hufanya kazi yake, kisha hukiachia. Ukikuta kimeshikwa na uzi mwingine, una njia tatu. Ya kwanza ni kungoja bila kikomo hata upate. Ya pili ni kutongoja kabisa: ukikosa, urudi papo hapo. Ya tatu ni kungoja mpaka kiasi fulani cha muda, na kiasi hicho kikipita kabla ya kupata, urudi na jibu la kukosa. Njia hii ya tatu ndiyo tuliyoiita "kufuli la muda".

Yafaa kusisitiza kitu kimoja hapa. Muda ule ukipita, kizuizi chenyewe hakibadiliki hata kidogo. Kingali mkononi mwa uzi uliokishika, na uzi huo ungali ndani, pengine nusu ya kazi yake. Kilichokwisha ni subira ya mwombaji peke yake. Ndiyo maana kila mwombaji wa namna hii hurudishiwa jibu, nalo ni lazima lisomwe: umepata, au umekosa. Aliyekosa haruhusiwi kuingia. Anaweza kujaribu tena, kuingia katika hali ya usalama, kupiga king'ora au kuandika taarifa ya hitilafu. Lakini kuingia, la.

2. Muda ni wa nani?

Sasa tulitazame neno. Katika Kiswahili, nomino ikifuatwa na "-a muda" hueleweka kuwa ni kitu kisichodumu. Twasema mtumishi wa muda, makazi ya muda, kibali cha muda, daraja la muda. Kila mmoja anajua kwamba kibali cha muda hukoma kuwa kibali muda wake unapokwisha. Basi "kufuli la muda" haliwezi kueleweka vinginevyo ila kufuli ambalo hukoma kuwa kufuli. Msomaji hahitaji kuwa mvivu ili akosee. Inatosha awe anakijua Kiswahili.

Kosa lilizaliwa wapi? Katika lugha ya Kiingereza, maneno yaelezayo muda yameambatanishwa na kitendo: ni kule kuomba ndiko kunakowekewa kikomo. Sisi, kwa kutafuta ufupi, tuliuondoa muda kwenye kitendo tukaupachika kwenye nomino. Kwa hiyo tukahamisha mali ya mtu. Muda uliokuwa wa mwombaji tukampa kufuli. Hili ni kosa ambalo wafasiri wengi hulitenda wanapogeuza fungu la maneno lenye kitenzi kuwa jina la maneno mawili, nalo halionekani mpaka mtu aulize: je, sifa hii ni ya nani?

Katika rasimu nyingine tuliona jambo hili hili limeitwa "mapumziko ya kufuli". Chanzo chake ni dhahiri. Neno la Kiingereza linalohusika, ambalo limeundwa kwa "wakati" na "nje", hutumika pia katika mchezo wa mpira wa kikapu, pale mwalimu wa timu anapoomba mchezo usimame. Mfasiri alikwenda kwenye kamusi, akakuta maana ya mchezo, akaichukua. Lakini hapa hakuna apumzikaye. Mawasiliano ya mitambo yalilichukua neno hilo kwa maana nyingine: kwamba muda uliowekwa wa kungoja umepita, na kilichongojewa hakikuja. Anayefasiri neno bila ya kuuliza linatoka katika fani ipi huwa kama anayepeleka barua kwa kusoma jina la mpokeaji bila ya anwani.

3. Mfano wa hodi

Mwalimu aliyetuandikia alituuliza: basi nitawaelezaje wanafunzi? Tulimshauri aanze na jambo wanalolijua tangu utotoni. Mgeni akifika mlangoni hupiga hodi. Adabu ya pwani, ambayo imeenea hata bara, ni kwamba hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa, huondoka. Huenda mwenyeji yumo ndani anaoga au anaswali. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayedhani kwamba hodi ya tatu hufungua mlango. Hodi ya tatu hummaliza mgeni haja ya kungoja, haimtoi mwenyeji nyumbani kwake.

Mfano huu unalieleza jambo zima: ombi, kungoja, kikomo, na kuondoka kwa heshima. Hata hivyo hatupendekezi "hodi" iwe istilahi yenyewe. Hodi hudai jibu la "karibu" kutoka kwa mwenyeji, ilhali uzi ulioshika kizuizi hauna habari na waombaji waliopo nje. Anayewapanga foleni na kuwajibu ni mfumo wa uendeshaji. Aidha, mwenyeji akisema karibu, mgeni huingia naye yumo ndani. Lakini hapa mmoja haingii mpaka mwenzake ametoka. Mfano mzuri wa kufundishia si lazima uwe istilahi nzuri, na tusipotenganisha mambo haya mawili tutarudia kosa lile lile kwa upande mwingine.

4. Kufuli au komeo?

Hata tukiliondoa neno "muda", latupasa kuliuliza neno "kufuli" lenyewe. Kufuli huning'inizwa nje ya mlango, aghalabu mwenye nyumba anapoondoka. Hufunguliwa na yeyote mwenye ufunguo, hata kama si yeye aliyelifunga. Komeo ni tofauti. Komeo husukumwa kwa ndani na mtu aliyemo, na aliyelikomea ndiye alikomoaye.

Katika mifumo mingi ya wakati halisi, sheria ni hiyo ya komeo. Kizuizi cha kuzuiana, ambacho Kiingereza kimekiundia jina kwa kukata vipande viwili vya maneno na kuviunga, kina mwenyewe: uzi uliokishika ndio unaopaswa kukiachia. Jambo hilo ndilo linalokitofautisha na semafori, ambayo yaweza kushushwa na kazi moja na kupandishwa na nyingine. Semafori iliingizwa katika fani hii na Mholanzi Edsger Dijkstra katika miaka ya 1960, naye alilichukua jina kwenye nguzo za ishara za reli. Yafaa tukumbuke pia kwamba kitendo cha kuomba semafori alikipa herufi P, aliyoieleza kwa neno alilolibuni mwenyewe la "prolaag", lililofupishwa kutoka maneno ya Kiholanzi yenye maana ya "jaribu kushusha". Mtaalamu huyo hakuona haya kubuni neno katika lugha yake mwenyewe, wala hakudhani kwamba sayansi itashuka hadhi kwa kutumia nguzo ya reli.

Wako watakaosema kwamba "kufuli" limekwisha enea, na kwamba watu wanafunga skrini za simu zao kwa kufuli kila siku. Ni kweli, nasi hatutaki kuliondoa huko. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuyatenga. Kufuli la simu humzuia asiye na haki, na siri yake ni nambari au alama ya kidole. Komeo la nyuzi halimzuii mgeni asiye na haki. Wote waliopo ni watu wa nyumba moja, wote wana haki ya kuingia, na kinachopangwa ni zamu tu. Neno moja likibeba mambo haya mawili, mtumishi atakayesoma katika mkataba kwamba mfumo "una makufuli" atadhani amehakikishiwa usalama dhidi ya wezi, kumbe ameelezwa juu ya mpangilio wa zamu ndani ya programu.

5. Muda, na wakati

Hapa Kiswahili kina mali ambayo hatukuitumia. Kiswahili hutofautisha muda, yaani urefu, na wakati, yaani mahali fulani katika mwendo wa siku. "Ningoje kwa muda wa nusu saa" si sawa na "ningoje hadi saa nane". Mgeni aliyechelewa kuisoma barua ya pili hatangoja hata kidogo, ila aliyechelewa kuisoma ya kwanza atangoja nusu saa kamili.

Tofauti hii ni ya msingi katika jambo letu. FreeRTOS huomba muda: hupewa idadi ya mapigo ya saa ya mfumo, nayo huhesabu kuanzia pale ombi lilipotolewa. POSIX, kwa ombi hili la kizuizi, haitaki muda. Hutaka wakati, yaani saa kamili ya mwisho, ambayo katika saa ya kalenda ya mifumo hiyo huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970. Orodha yetu iliandika "muda" kwa yote mawili. Mfasiri anayeifuata atamwambia msomaji wa mwongozo wa POSIX aweke muda wa milisekunde 50, naye msomaji ataandika 50. Mfumo utaelewa kwamba ukomo ni milisekunde 50 baada ya kuanza kwa mwaka 1970, wakati uliopita zamani. Kizuizi kikiwa kimeshikwa, ombi litarudi papo hapo na jibu la kukosa, bila ya kungoja hata kidogo. Programu itaonekana kana kwamba inafanya kazi mchana kutwa, kisha itakosa pale ambapo kazi ni nyingi.

Kuna na hatari ya pili. Kwa ombi lile la POSIX lililozoeleka, ukomo hupimwa kwa saa ya kalenda, nayo ni saa inayoweza kurekebishwa. Saa hiyo ikirudishwa nyuma kwa saa moja wakati uzi unangoja, uzi ule utangoja saa moja zaidi. Toleo la POSIX la mwaka 2024 limeongeza ombi linalomwezesha mwandishi wa programu kuchagua saa ya kupimia, na miongoni mwa hizo ipo ile isiyorudi nyuma kamwe. Mkosi ni kwamba Kiingereza huiita saa ya kalenda kwa jina lile lile la "wakati halisi" ambalo huitia mifumo ya namna hii. Anayefasiri neno kwa neno ataandika "saa ya wakati halisi", na msomaji atadhani hiyo ndiyo saa ifaayo zaidi kwa mfumo wa wakati halisi. Ukweli ni kinyume. Kwa hiyo tunapendekeza "saa ya kalenda" kwa ya kwanza na "saa isiyorudi" kwa ya pili, na tunawasihi wafasiri wasiyachanganye.

Mapigo ya saa nayo yana mtego wake. Mfumo wenye mapigo 100 kwa sekunde hauwezi kupima chini ya milisekunde 10. Ukiomba milisekunde 5, hesabu ya kugawanya bila sehemu hutoa sufuri, na sufuri katika FreeRTOS maana yake ni "usingoje kabisa". Mwongozo usemao "weka muda mfupi" bila ya kutaja kipimo cha pigo unampeleka msomaji shimoni.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: POSIX yasema wazi kwamba ikiwa kizuizi kinapatikana papo hapo, ombi halitarudishwa kwa sababu ya ukomo hata kama ukomo umekwisha pita. Maana yake ni kwamba ukomo hutawala kungoja peke yake, wala hautawali kupata. Istilahi iitwayo "ukomo wa kufunga" itakuwa imekosea; "ukomo wa kungoja" ndiyo iliyo sawa.

6. Urithi usio na marehemu

Jamaa mwingine wa istilahi yetu ni "urithi wa kipaumbele". Tukio linaloeleza jambo hili linajulikana sana. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na mfumo wa VxWorks. Baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujiwasha upya yenyewe. Wahandisi waliigiza hali hiyo duniani kwa mtambo wa mfano wake, wakagundua sababu. Kazi yenye kipaumbele cha chini, iliyokusanya habari za hali ya hewa, ilishika kizuizi. Kazi yenye kipaumbele cha juu, iliyosimamia njia kuu ya kupitishia data, ikakihitaji kizuizi hicho hicho, ikangoja. Hapo zikaja kazi za kipaumbele cha kati, ambazo hazikuwa na haja na kizuizi, zikaipokonya ile ya chini nafasi ya kutekelezwa. Ya chini haikuweza kumaliza, kwa hiyo haikuachia. Na ya juu ikabaki inangoja nyuma ya zile za kati. Mfumo ulipoona kwamba kazi ya juu haikumaliza kwa wakati uliopangwa, ukajiwasha upya, na shughuli zilizobaki za siku zikaahirishwa hadi siku ya pili.

Tiba yake haikuwa ukomo wa kungoja. Ukomo ungaliiwezesha kazi ya juu kujua kwamba imekosa, lakini usingaliiwezesha kupata. Tiba ilikuwa kuwasha kanuni iliyokuwamo tayari ndani ya VxWorks, ambayo kwayo mshikaji wa kizuizi hupewa kipaumbele cha mngojaji aliye juu zaidi, hata amalize upesi, aachie, na kurudi katika kipaumbele chake cha awali.

Kanuni hiyo tuliiita "urithi wa kipaumbele" kwa kufuata Kiingereza. Lakini katika Kiswahili mtu hurithi kwa aliyekufa, na mirathi hairudishwi. Tutaambiwa kwamba mtoto hurithi sura ya baba aliye hai; ni kweli, ila sura hiyo nayo hairudishi. Hapa mwenye kipaumbele yu hai, anangoja mlangoni, na kipaumbele hurudi mara komeo linapofunguliwa. Kiswahili kina neno la jambo hili hili, nalo ni kuazima. Ukikopa fedha hurudishi noti zile zile; ukiazima jembe la jirani, jembe lile lile hurudi kwake. Mwalimu akisema "uazimaji wa kipaumbele", nusu ya somo imekwisha fundishwa, na swali ambalo wanafunzi husahau, yaani lini kipaumbele kitarudi, linakuja lenyewe.

7. Mkwamo, na wakati halisi

Hali ambayo nyuzi mbili zimeshika kila mmoja komeo lake na kila mmoja unalingoja la mwenzake, orodha iliiita "kufuli mfu". Hakuna kufuli lililokufa hapo. Makomeo yote mawili ni mazima, na ndiyo taabu yenyewe. Walio katika hali hiyo wamekwama, na "mkwamo" ni neno lijulikanalo na kila aliyesafiri kwa gari masika. Ukomo wa kungoja husaidia katika mkwamo, kwa sharti moja ambalo miongozo mingi iliyofasiriwa haikulitaja: mwombaji aliyekosa komeo la pili ni lazima aliachie la kwanza kabla ya kujaribu tena. Akirudi mlangoni huku bado amekomea mlango wa mwenzake, mkwamo utabaki pale pale, ila utakuwa na kelele zaidi.

Ama kuhusu "wakati halisi", hatupendekezi kulibadili, kwa kuwa limekwisha kaa vinywani mwa watu. Tunapendekeza fasili yake irekebishwe. Orodha ilieleza kuwa ni mfumo "ufanyao kazi kwa haraka sana". Sivyo. Mpiga ngoma hodari si yule apigaye upesi, ni yule ambaye pigo lake hutua mahali pake. Mfumo wa wakati halisi ni ule ambao jibu lake huhesabiwa kuwa sahihi ikiwa tu limefika kabla ya ukomo uliowekwa. Mtumishi anayenunua mtambo wa hospitali kwa kuuliza kasi tu, bila ya kuuliza ukomo, atanunua kitu kisichofaa na karatasi zake zote zitakuwa safi.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, "kufuli la muda" liachwe kabisa, na mahali pake patumike "kuomba komeo kwa ukomo". Ni refu zaidi, na lina kitenzi, hilo tumelikusudia. Tendo na libaki tendo.

Pili, "komeo" litumike kwa kizuizi chenye mwenyewe, pamoja na vitenzi "kukomea" na "kukomoa". "Semafori" ibaki kama ilivyo. Na "kufuli" libaki kwa ulinzi wenye siri au ufunguo.

Tatu, "muda wa kungoja" utumike pale mfumo unapotaka urefu, na "ukomo wa kungoja" pale unapotaka saa ya mwisho. Mfasiri asiyejua ni kipi kinachotakiwa aulize kabla ya kuandika, kwa sababu hapa neno likikosewa, hesabu hukosewa.

Nne, jibu la ombi liitwe "amepata" au "amekosa", na kila mfano wa programu utakaochapwa katika vitabu vya Kiswahili uonyeshe mahali jibu hilo linaposomwa.

Tano, "uazimaji wa kipaumbele" uchukue mahali pa "urithi wa kipaumbele", na "mkwamo" mahali pa "kufuli mfu".

Tunafahamu kwamba kuondoa istilahi iliyokwisha chapwa kuna gharama. Walimu watalazimika kufuta yaliyo ubaoni, na wafasiri watakuwa na kurasa zinazogombana. Wako wenzetu waonao kwamba neno likitoka limetoka, na kwamba mazoea yatarekebisha maana yake. Mazoea huweza kurekebisha neno la sokoni, ambapo muuzaji na mnunuzi wanaonana uso kwa uso na kuulizana. Hayawezi kurekebisha neno lililomo katika mwongozo wa pampu ya dawa, unaosomwa na fundi aliye peke yake usiku.

Mwalimu aliyetuandikia anasema kwamba kijana yule sasa husoma jibu la ombi kila mara, naye amewaeleza wenzake habari ya mgeni na hodi tatu. Tunawaomba wasomaji wengine, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wa miongozo ya mitambo, watuletee istilahi nyingine walizoziona zikieleweka upesi mno. Zile zisizoeleweka tutazisikia wenyewe, kwa kuwa watu hulalamika. Hizi nyingine hatutazijua ila kwa msaada wao.